Kocha wa maisha na hofu ya kutojiamini: tunachodhani na ukweli wenyewe

Ukisema mbele za watu kwamba una kocha wa maisha, yaani mtu unayemlipa mkae mzungumze pale ulipokwama, kuna mtu lazima aulize ni wa Simba au wa Yanga. Simlaumu, maana kocha kwetu ni neno la mpira, ni yule anayesimama pembeni ya uwanja anapanga kikosi, anafoka, anatoa huyu anaingiza yule. Watu wanaichukua picha hiyo wanaileta kwenye maisha, na hapo ndo dhana potofu zinapoanzia, na kinachoniuma ni kwamba wanaozishikilia sana ndo wale wale ambao wangesaidika, wale wanaolala na mawazo, wanaosoma meseji yao mara saba kabla ya kuituma, halafu wakiona tiki za bluu na jibu halijaja wanaanza kujiuliza wamekosa nini. Nimeishi hivyo miaka mingi, kwa hiyo haya nayasema kutoka moyoni.

"Kocha atakwambia cha kufanya"

Hii ndo kubwa kuliko zote. Mi mwenyewe siku ya kwanza nilienda na daftari na kalamu, nimejiandaa kuandika maelekezo. Nilikuwa nimepandishwa cheo kazini, nasimamia watu sita, na kila Jumatatu kabla ya kikao cha asubuhi tumbo linavuruga mpaka natoka nyumbani sijanywa hata chai. Nikamweleza kocha, mama mmoja wa makamo, mpole, nikasubiri dawa. Akaniuliza, "Kwenye kikao unaogopa kitokee nini hasa?" Nikasema naogopa kukosea. "Kukosea vipi?" Nikazunguka weee, mwisho nikajikuta nasema naogopa bosi aniulize namba ambayo sina. "Na akikuuliza namba ambayo huna, huwa unafanyaje?"

Nikanyamaza. Ukweli ni kwamba nilikuwa nabuni. Nataja namba ya kukadiria kwa sauti ya kujiamini kabisa, halafu wiki nzima naishi na wasiwasi wa kugundulika, kwa hiyo ile hofu niliyokuwa naiita udhaifu wangu wa kuzaliwa, nusu yake ilikuwa inatokana na kitu ninachokifanya mwenyewe kila wiki. Akaniuliza ningependa niseme nini badala yake. Nikajibu mwenyewe, "Niseme sijui, ngoja niangalie nikuletee." Jumatatu iliyofuata nikasema, sauti inatetemeka, na bosi akaitikia "sawa, nipate kabla ya saa sita," akahamia kwa mwenzangu. Basi, imeisha. Miezi nane ya kuumwa tumbo kwa ajili ya kitu kilichochukua sekunde tano.

Sasa jiulize, yule mama angeniambia tu moja kwa moja "kama hujui sema hujui", ningefanya? Nisingefanya, ushauri wa namna hiyo nilishapewa na watu kumi na nikauitikia wote. Kazi ya kocha ni kuuliza na kusikiliza mpaka wewe mwenyewe ulione jambo lako lilivyo, na hii sio mbinu ya juzi. Miaka ya 1970 kule California, Marekani, kulikuwa na mwalimu wa tenisi anaitwa Timothy Gallwey, akagundua kwamba jinsi anavyozidi kuwapa wanafunzi maelekezo, kunja goti, inua mkono, ndo wanazidi kukakamaa, kwa sababu ndani ya mchezaji kuna mmoja anayecheza na kuna mwingine anayemsimanga huyo anayecheza. Akaacha maelekezo, akawaambia waangalie mpira tu, ukidunda waseme umedunda, ukigusa raketi waseme umegusa. Yule msimangaji wa ndani anakosa nafasi ya kusema, na mkono unaanza kupiga vizuri wenyewe. Aliyaandika hayo mwaka 1974, na huko Uingereza John Whitmore, aliyewahi kuwa dereva wa mbio za magari, akayapeleka maofisini kwa hatua ambazo makocha wengi wanazitumia mpaka leo: unataka nini, hali ikoje sasa hivi, una njia zipi, na utafanya ipi. Ukiangalia, zote nne ni maswali.

"Ukipata utulivu wa ndani, hofu inakwisha"

Haikwishi jamani. Na wala hofu ya kutojiamini haina maana kwamba kweli huwezi. Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili, Pauline Clance na Suzanne Imes wa Chuo Kikuu cha Georgia State, waliandika kuhusu wanawake zaidi ya 150 waliofanikiwa sana, wana digrii kubwa, wanaheshimika kwenye fani zao, na bado ndani ya mioyo yao wanaamini wamewadanganya watu na siku moja wataumbuka. Kwa hiyo kama unasubiri cheo kingine au digrii nyingine ndo utulie, unaweza ukasubiri mpaka unastaafu.

Utulivu ninaouongelea ni kwamba hofu inakuja, unaiona imekuja, na bado unafanya lako. Na sehemu yake ni mwili tu, sio jambo la kiroho sana kama watu wanavyodhani. Ukivuta pumzi mapigo ya moyo yanaongezeka kidogo, ukiitoa yanapungua, ndo maana ukitoa pumzi taratibu na kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta mwili unaanza kutoka kwenye hali ya kujihami. Mi navuta kwa sekunde nne natoa kwa sekunde sita, inakuwa pumzi sita kwa dakika, nafanya hata kwenye daladala nimebanwa na hakuna anayejua.

Kingine ni kukiita kitu kwa jina lake. Mwaka 2007 timu ya Matthew Lieberman huko Los Angeles iliwaonyesha watu picha za nyuso zenye hasira au hofu, wakiwa wanapimwa ubongo, na wakati wanaitaja ile hisia kwa neno, sehemu ya ubongo inayoshtukia hatari ilikuwa inatulia kidogo. Na Kiswahili kimetujalia hapa, maana wasiwasi sio hofu, hofu sio aibu, aibu sio unyonge, unyonge sio kinyongo, na mi vyote hivi nilikuwa naviita stresi. Siku niliyojua kwamba kile ninachokisikia dada yangu akinunua kiwanja ni wivu, sio uchovu, nilikaa nacho kama robo saa, kikauma, kikapita, jioni nikampigia kumpongeza na nilikuwa namaanisha.

"Simama mbele ya kioo ujiambie wewe ni bora"

Hii wahamasishaji wanaipenda na kwa mtu ambaye tayari anajiamini haina shida. Ila mwaka 2009 Joanne Wood na wenzake wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walipima, na wale wenye kujithamini kidogo waliporudia rudia maneno kwamba wao ni watu wa kupendwa, walijisikia vibaya zaidi kuliko wenzao wa hali hiyo hiyo ambao hawakuambiwa warudie. Inaeleweka kabisa, ukijiambia kitu ambacho moyo hauamini, moyo unakujibu, unaanza kukuletea ushahidi wote wa kinyume. Mi siku hizi najiambia kitu cha kweli tu hata kama ni kidogo: jana nilisema sijui na hakuna aliyenicheka. Hicho moyo hauwezi kubishana nacho.

"Kocha na mwanasaikolojia ni kitu kimoja"

Hapa naomba usome taratibu. Sio kitu kimoja, na kuchanganya kunaweza kumgharimu mtu maisha. Kocha anafanya kazi na mtu ambaye anaamka, anakula, anaenda kazini, ila amekwama mahali. Mtu ambaye wiki mbili sasa hapati usingizi, chakula hakina ladha, hakuna kinachomfurahisha, au anarudiwa na picha za jambo baya alilofanyiwa, huyo anahitaji mtaalamu wa afya ya akili, na mwenye mawazo ya kujiua apelekwe hospitali leo, asiachwe peke yake, sio apangiwe sesheni ya wiki ijayo. Muhimbili kuna wataalamu, Mirembe Dodoma kuna wataalamu, na huna haja ya kuona aibu ya jina Mirembe, ni hospitali. Kenya wana sheria ya mwaka 2014 inayowahusu wanasihi na wanasaikolojia, lakini hilo jina la kocha wa maisha halilindwi kama la daktari au wakili, mtu yeyote anaweza kulibandika kwenye ukurasa wake wa Instagram usiku wa leo. Kocha mzuri utamjua hapa hapa, anakwambia "hili limenizidi, nenda kwa fulani." Kocha anayekwambia uache dawa ulizopewa na daktari, mkimbie.

"Haya ni mambo ya wazungu"

Jina ndo la wazungu. Kukaa na mtu mzima anayekusikiliza mpaka mwisho tulikuwa nako, mwali alikuwa na somo wake, kulikuwa na kungwi, kulikuwa na bibi. Tofauti ni kwamba kungwi ana mafunzo ya kukukabidhi, anajua unachotakiwa kujua, wakati kocha hana cha kukukabidhi. Vyote vina nafasi yake, na mi bado namshukuru somo wangu.

Na kama unadhani Mwafrika anahitaji kuambiwa tu, angalia Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda alianza na bibi 14 mtaa wa Mbare, Harare, wakafundishwa kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na mtu mwenye kile wanachokiita kwa Kishona kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Ile ni tiba, sio ukocha, tusichanganye tena, ila utaratibu wake unafanana, bibi hampi mgonjwa jibu, anamsaidia achague tatizo moja na atafute mwenyewe njia ya kulitatua. Utafiti wao wa Harare uliotoka mwaka 2016 uliwafuata watu 573, na baada ya miezi sita waliokaa na bibi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bibi na benchi la mbao, hakuna zaidi.

Wengine wanasema ukiwa na imani huhitaji kocha. Mi naswali, na nilikuwa naswali kipindi kile chote nabuni namba kwenye vikao. Sala ilinipa nguvu ya kwenda kumwona mtu.

"Hekima inakuja na umri"

Umri unaleta matukio, na kuna mzee wa miaka sabini anabishana leo kama alivyobishana akiwa na thelathini. Matukio yanakuwa hekima pale unaporudi kuyaangalia bila kujitetea, na kijana wa ishirini na tano anaweza akafanya hivyo.

"Mwenye bei kubwa na vyeti vingi ndo bora"

Vyeti vina maana, ila jua vinapima nini. Kuna shirika la International Coaching Federation lililoanzishwa Marekani mwaka 1995, ngazi yake ya kwanza inadai masaa 60 ya mafunzo na masaa 100 ya kukochi watu, na ngazi ya juu kabisa inadai masaa 2,500 ya kukochi. Muulize mtu amesomea wapi na ameshakaa na watu masaa mangapi, sio swali la kukosa adabu hata kidogo. Halafu sikiliza mazungumzo ya kwanza, nani anaongea zaidi. Kama ni yeye, anasimulia mafanikio yake na gari lake, na anakuahidi kwamba ndani ya siku saba utakuwa mtu mpya ukilipia kifurushi chote leo kabla ofa haijaisha, huyo anakuuzia, na wenye kutojiamini sisi ndo tunanunua haraka maana tunaogopa kusema "ngoja nifikirie."

Mi nilikaa vikao sita, viwili kati ya hivyo kwa simu kwa sababu bando la Zoom liliisha njiani. Kikao cha sita yule mama aliniuliza nataka kuleta nini siku hiyo, nikafikiria, nikasema kwa kweli sina. Akasema basi tuishie hapa, ukikwama unanijua nilipo, na ile hela ya kikao cha saba niliyokuwa nimeshalipa akanirudishia jioni ile ile.