Je, wajua kwa nini uzamivu (PhD) wa maendeleo ya jamii haukai ndani ya idara moja?

Pampu ya maji ya kijiji imeharibika, na mwaka mzima umepita bila kutengenezwa. Mhandisi atakuonyesha vali iliyochakaa. Mchumi atauliza nani anachangia matengenezo na nani anachota bure. Mwanasayansi ya siasa atataka kujua kamati ya maji ilipatikanaje. Mwanaanthropolojia atakaa karibu na foleni ya ndoo siku kadhaa, mpaka agundue kwamba wanaochota ni wanawake ilhali wanaoamua habari za pampu ni wanaume. Wote wanne wamesema kweli, na pampu bado haitoi maji.

Vyuo vikuu hugawanya idara kwa taaluma. Shida za watu hazikugawanyika hivyo, na ndiyo sababu anayetaka kuzichunguza hadi ngazi ya uzamivu hulazimika kuvuka mipaka ya idara.

Elinor Ostrom, mtafiti wa Marekani, aliujua mpaka huo vizuri. Aliomba kusomea uzamivu wa uchumi, akakataliwa kwa kukosa msingi wa hisabati, akaingia sayansi ya siasa. Tasnifu yake ya mwaka 1965 ilieleza jinsi watumiaji wa maji ya ardhini kusini mwa California walivyojipanga ili maji ya bahari yasiingie visimani mwao. Mwaka 1973, yeye na mumewe Vincent walianzisha kituo cha utafiti katika Chuo Kikuu cha Indiana, wakakiita karakana, na humo watu wa fani mbalimbali walifanya kazi pamoja. Mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya Nobel ya uchumi, taaluma ileile iliyomfungia mlango.

Sasa, programu ya uzamivu inayovuka idara hubuniwaje? Wengi huanza kwa kuokota kozi mbili huku, tatu kule, na kuziita mtaala. Mwanafunzi huonja kila chungu asishibe popote. Kwa maoni yangu, pa kuanzia ni swali la ushahidi. Mtakwimu huamini kaya 1,000 zilizochaguliwa kwa bahati nasibu. Mwanaethnografia, anayechunguza watu kwa kuishi nao, huamini kaya chache alizoishi nazo mwaka mzima. Mwanafunzi asipoelewa mapema kwa nini kila mmoja anaamini anachoamini, tasnifu yake itakuwa vipande viwili vilivyoshonwa kwa uzi mwembamba. Dawa ni semina ya mwaka wa kwanza yenye tatizo moja tu, walimu wawili wa fani tofauti darasani kwa wakati mmoja, wakibishana mbele ya wanafunzi. Hata hivyo, kila mwanafunzi awe na fani moja anayoimudu barabara, maana asiye na fani yake hana cha kuleta mezani.

Wasimamizi nao wawe wawili, na waandikiane mapema tasnifu iliyokamilika itakuwaje. Bila hivyo mmoja atadai nadharia zaidi na mwingine takwimu zaidi, na anayeumia ni mwanafunzi katikati.

Jambo gumu kuliko yote ni nafasi ya jamii yenyewe. Mwaka 1946 mwanasaikolojia Kurt Lewin alieleza utafiti wa vitendo: unapanga, unatenda, unapima kilichotokea, kisha unapanga upya. Katika miaka ya 1970, mwanasosholojia Orlando Fals Borda wa Kolombia alisukuma mbele utafiti shirikishi, ambapo wanajamii hutunga maswali pamoja na mtafiti. Lakini kamati za maadili, zinazoidhinisha utafiti, kwa kawaida hutaka maswali yote kabla mtafiti hajakanyaga uwanjani! Hapo programu inahitaji idhini ya hatua mbili: ya kwanza ya kwenda kuzungumza na watu na kutunga maswali nao, ya pili ya kukusanya data. Kalenda nayo iachie miezi ya kujenga uaminifu kabla ya hojaji ya kwanza.

Data ni za nani, na nani anaruhusiwa kuzitumia baadaye, yaandikwe kabla ya kazi kuanza. Matokeo nayo yasomwe kijijini, kwa lugha ya wenyeji, kabla ya utetezi wa tasnifu, wakati mwanafunzi bado ana nafasi ya kusahihisha. Wanaochota maji wakisema amekosea kuhusu pampu yao, sura hiyo irudi mezani.