Kiota cha sisimizi: jasi, simenti au tofali la kuchoma?

Wengi wanaoanza kufuga sisimizi nyumbani hukimbilia jasi, wakiamini kwamba ikishakauka imekuwa jiwe. Si kweli. Jasi huyeyuka kidogo majini, gramu 2 hivi kwa lita, na ikikaa na unyevu muda wote hulainika. Sisimizi wenye taya imara huitafuna mpaka wakatoboa ukuta, na kuvu nayo huota humo. Malkia wa spishi fulani huishi zaidi ya miaka 20, kwa hiyo nyumba ya kubomoka haimfai.

Huku Iringa na Mbeya tuna kitu bora na kinapatikana kila mtaa: tofali la kuchoma. Ila usidanganywe kwamba tofali ni tofali. Linalomeguka kwa ukucha halikuiva. Ukililowesha litarudi kuwa tope. Lililokaa karibu mno na moto likawa jeusi na kung'aa halinywi tena, maji huteleza juu yake. Tafuta lililoiva sawasawa. Ligonge, litoe mlio mkavu, kisha lidondoshee maji: yakizama papo hapo, hilo ndilo. Chonga vyumba kwa patasi, osha vumbi lote, funika kwa kioo. Mawe mepesi ya volkano ya pande za Rungwe nayo huchongeka kwa urahisi na vitundu vyake hutunza maji.

Simenti ikishakauka haina madhara? Hapana, ikiwa mpya ina ukali wa magadi. Iloweke siku kadhaa, ukibadilisha maji, kabla ya kumweka mdudu yeyote.

Dhana inayoua zaidi ni kwamba kiota kizima lazima kilowe. Sisimizi huhamisha mayai na mabuu kila mara kufuata unyevu unaowafaa, hivyo wanahitaji upande mbichi na upande mkavu ili wachague wenyewe. Simamisha tofali ndani ya sahani ya maji, ncha moja tu iguse. Litajivutia lenyewe kadiri linavyokauka juu. Kiangazi, upepo ukikausha kila kitu, angalia sahani mara kwa mara. Baridi ya Juni na Julai kioo kikitoka jasho kila asubuhi, punguza maji.

Wala usikianike kiota juani ili wapate joto. Kioo hunasa joto la jua, na koloni nzima inaweza kufa kabla ya adhuhuri.