Anakoroma, kwa hiyo analala vizuri?

Ukitaka kunikera kliniki, niambie mzee wako "analala fofofo" kwa sababu anakoroma mpaka wapangaji wa chumba cha pili wanamsikia. Nimeambiwa hivyo na mke wa mgonjwa, nikaambiwa na mtoto wa mgonjwa mwingine, na kilichonifanya nikae niandike ni karatasi ya rufaa kutoka kwa mtumishi mwenzangu wa afya. Mgonjwa analetwa kwa tatizo la kusahausahau, na kwenye historia imeandikwa: usingizi mzuri, anakoroma. Yaani dalili yenyewe imeandikwa kama ushahidi wa uzima.

Koromo ni sauti ya hewa inayopita kwa shida. Ukilala, misuli ya koo inalegea. Kwa wengi njia inabaki wazi. Kwa wengine ulimi na nyama laini za nyuma ya koo zinarudi nyuma na kubana, na kwa baadhi zinaziba kabisa. Pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi hiyo ni apnea. Ikipungua tu huku oksijeni ikishuka au mtu akizinduka, ni haipopnea. Tunajumlisha zote, tunagawa kwa saa za usingizi: kuanzia 5 kwa saa ni ugonjwa mdogo, kuanzia 15 ni wa kati, 30 na kuendelea ni mkali. Piga hesabu: mtu wa 30 kwa saa akilala saa 7, pumzi yake imekwama mara zaidi ya 200 kabla ya adhana ya alfajiri. Si kila anayekoroma ana ugonjwa huu wa apnea ya usingizi, tusiende huko. Ninachokitafuta ni kile kimya kinachofuata koromo.

Mama mmoja wa Tandahimba aliniletea kimya hicho kwenye simu. Mumewe amelala chali chini ya chandarua, mwanga ni wa tochi. Anakoroma, halafu sauti inakata. Kifua kinazama, tumbo linapanda; kifua kinapanda, tumbo linazama. Mwili unavuta kwa nguvu zote na hewa haipiti. Nyuma ya kamera mke ananong'ona, "Pumua, baba watoto, pumua." Sekunde zinakaribia 40 ndipo anakurupuka, anavuta pumzi kwa kishindo, anageuka ubavu na kuanza upya. Nilimuuliza mwenyewe alilalaje. Akajibu alilala moja kwa moja. Hakudanganya. Kuzinduka kwenyewe kunachukua sekunde chache, na ubongo hauwahi kuliweka jambo hilo kwenye kumbukumbu. Ndiyo maana maelezo ya mlalaji peke yake hayanitoshi. Nataka na ya anayelala pembeni yake.

Bwana huyu ni karani wa mizani wa chama cha msingi cha ushirika. Msimu wa korosho anasoma kilo, anazitaja kwa sauti, anaandika kwenye daftari, anamwandikia mkulima stakabadhi, na wakati huohuo gunia la mwingine limeshapanda mizani. Namba zikaanza kupishana: 68 kwenye daftari, 86 kwenye stakabadhi. Wanachama wakasema anaiba. Ndugu wakasema karogwa. Mwenyewe akaanza kuamini kwamba uzee umemwingia, na hata miaka 50 hajafikisha.

Hapa ndipo nataka tusikilizane. Watu wakisema "anasahau" wanapiga picha ya ghala: vitu vilikuwemo, sasa vimetoka. Kwa mwenye apnea, mara nyingi vitu havikuingia kabisa. Ili jambo likae kichwani lazima kwanza ulizingatie, na umakini wa kuendelea ndio unaoumia mapema. Unamtuma chumvi na kiberiti, anarudi na chumvi. Kiberiti kilitajwa wakati akili yake imepotea kwa sekunde mbili. Pia inaumia ile kazi ya kushika mambo mawili matatu kwa pamoja, kupanga hatua, kuacha jambo moja na kuhamia lingine bila kuchanganya. Kukumbuka baada ya muda kupita nako kunashuka. Lakini lugha kwa kiasi kikubwa inabaki salama, na hilo ndilo linalowapoteza ndugu. Wanamsikia akisimulia vizuri, akitania watani zake, akitaja koo za watu mpaka babu wa tatu, wanahitimisha: akili anayo, huu ni uzembe. Mimi nikimwambia ataje miezi kuanzia Desemba kurudi nyuma, anakwama Agosti, anaanza upya, anakwama tena.

Na wale wanaosema "kama hasinzii mchana basi hana shida", tafadhali waache. Madhara yanapita njia mbili. Ya kwanza ni usingizi kukatwakatwa, ambako kunaleta uchovu na kusinzia. Ya pili ni oksijeni kushuka na kupanda usiku kucha, jambo linaloumiza mishipa midogo ya damu na kusumbua hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, pamoja na sehemu ya mbele ya ubongo. Njia hizi hazilingani kwa kila mtu. Nina wagonjwa wenye apnea kali wasiosinzia hata kwenye hotuba ndefu, na umakini wao umeporomoka. Mtu pia hajipimi vizuri: ubongo uliochoka ndio huohuo unaoulizwa kama umechoka. Ninayemhofia zaidi ni dereva wa masafa ya Mtwara na Dar anayeniapia kuwa yuko macho kabisa anapopita Nangurukuru usiku.

Mengine nayapitia haraka. Kichwa kuuma asubuhi, kuamka mara kwa mara kukojoa, presha isiyoshuka kwa dawa tatu: vyote vinaweza kutoka hapa, na wengi wanatibiwa malaria kwanza. Kuamka ukikabwa si lazima liwe jinamizi. Wembamba hauzuii, taya dogo au tonsili kubwa zinatosha. Wanawake, hasa baada ya kukoma hedhi, mara nyingi wanalalamikia uchovu na kukosa usingizi, hivyo tunawapa vidonge vya usingizi na kuwasahau.

Vidonge hivyo vinanitia hasira. Mtu anaamka hoi, anakwenda duka la dawa, anatoka na diazepamu. Dawa hiyo inaweza kulegeza koo na kuchelewesha ubongo kuzinduka, na kuzinduka ndiko kulikokuwa kunafungua njia. Pombe inafanya vivyo hivyo. Msimu wa mabibo, pombe yake ya uraka ikiwa nyingi, ndipo wake wanakuja kuniambia kimya cha usiku kimerefuka.

Sasa niseme yale ambayo vitabu vinayapitia kwa kunyata. Je, apnea inaleta ugonjwa wa kupoteza akili uzeeni? Mwaka 2011 Kristine Yaffe na wenzake walichapisha utafiti wa wanawake 298 wa Marekani, wastani wa miaka 82, wote wakiwa hawana ugonjwa huo mwanzoni. Baada ya miaka kama 5, waliokuwa na matatizo ya kupumua usingizini 44.8% walikuwa wamepungukiwa akili, ama kidogo ama kwa kiwango cha ugonjwa huo, dhidi ya 31.1% ya wasio nayo. Uhusiano ulionekana kwenye oksijeni, si kwenye idadi ya kuzinduka. Ni matokeo mazito, lakini ni ya kufuatilia watu, hayathibitishi kwamba hiki ndicho kilicholeta kile. Picha za MRI nazo hazikubaliani: tafiti nyingine zinaonyesha ubongo umepungua sehemu fulani, nyingine zinaonyesha umenenepa.

Matibabu je? Mashine ya CPAP, aliyoianzisha Colin Sullivan kule Sydney mwaka 1981, inasukuma hewa kupitia puani na kuzuia koo lisizibe. Pumzi inarudi usiku huohuo. Akili ndiyo yenye maswali. Jaribio la APPLES, lililochapishwa 2012, liliwagawa watu zaidi ya 1,000 kati ya CPAP ya kweli na ya kuigiza kwa miezi 6. Kusinzia kulipungua. Kwenye kupanga na kuamua kulikuwa na nafuu ndogo mwezi wa 2, na kufikia mwezi wa 6 tofauti ilikuwa imefifia. Mimi nadhani wengi wao walianza na vichwa vizuri na hawakuwa na pakubwa pa kupanda, tena mashine isiyovaliwa usiku mzima haiwezi kufanya kazi ya usiku mzima. Lakini hayo ni maoni yangu. Kwa hiyo simwahidi mgonjwa kwamba atarudishiwa akili yote. Namwambia kusinzia kutapungua, na kwamba umakini huenda ukafuata.

Kwa watoto napata mashaka yaleyale. Jaribio la CHAT la 2013, watoto 464 wa miaka 5 hadi 9, lilionyesha kwamba kuondoa tonsili na adenoidi (nyama za nyuma ya pua) hakukupandisha sana alama za umakini, ila tabia na usingizi viliboreka. Mimi hilo linanitosha kumtetea mtoto anayelala mdomo wazi na kuchapwa shuleni kwa kuitwa mzito.

Wengi wetu huku hatuna CPAP nyumbani, na umeme ukikatika nayo inazima. Tunaanza na kulala ubavu, kupunguza uzito kwa mwenye uzito, kuacha pombe na vidonge vya usingizi, kutibu pua iliyoziba. Karani wetu ameanza hivyo, na chama nimekiandikia barua kwamba asome mizani tu, mwingine aandike.

Kama una mtu wa namna hii nyumbani, usimlete mikono mitupu. Mrekodi saa tisa au saa kumi usiku, maana usingizi wa ndoto unazidi kuelekea alfajiri na koo linalegea zaidi. Simu ionyeshe uso, kifua na tumbo kwa pamoja, shuka mpaka kiunoni, dakika kumi bila kukata. Usimwamshe akinyamaza, isipokuwa anabadilika rangi. Siku ya kliniki njoo wewe uliyerekodi, hata kama yeye atasema hakuna haja.