Kunguru Wametosha Juu ya Loleza

Jumamosi nimeulizwa tena: "Mwalimu, ukikosea kuchora kwa wino, si unaligeuza tu doa kuwa kunguru?" Jamani! Nimeona michoro ya mlima Loleza, huu wa hapa Mbeya, ambayo anga lake limejaa kunguru kama jalalani, maana kila doa limeoteshwa mabawa. Kosa limefichwa, ila sasa lina mdomo.

Doa halisumbui hivyo. Ligonge kwa tishu, usisugue, endelea. Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 itatawanya wino hata ufanyeje. Tafuta iliyo nene.

Kinachonikera ni mkono unaorudi. Mtu kavuta ukingo wa Loleza, ukashuka milimita mbili. Anarudia palepale kuusahihisha, mstari unanenepa. Anarudia tena ili unene ulingane kote. Sasa tazama: mstari mnene jicho linausoma kuwa uko karibu, mwembamba uko mbali. Mlima umeruka mabati yote ya mjini ukaja kukaa mbele yake. Kosa la milimita mbili limekuwa la kilomita.

Mimi mstari mbovu nauacha na wembamba wake, navuta wa pili pembeni. Kisha weusi mzito naupeleka kwenye miti na mapaa ya mbele. Jicho hufuata weusi. Ile mistari miwili kule juu inabaki kama ukungu wa asubuhi, au haionekani kabisa. Rembrandt, yule mchoraji Mholanzi wa karne ya 17, naye alifunika baadhi ya mistari yake ya wino kwa rangi nyeupe, kwa hiyo wanaodai mabingwa hawakosei wakabishane naye.

Kukwangua kosa kwa wembe? Kwenye karatasi nene, sawa, lakini ukikwangua nyuzi zinasimama, na wino utakaopita hapo unatambaa kama mizizi. Nakwangua mwisho kabisa.

Uso wa mtu ni habari nyingine. Jicho likihama milimita moja tu, umemchora shemeji yake. Hapo nachana.

Na nikiri: kuna siku naamka, naitazama mistari yangu miwili, na sijui kama ni uhai au uvivu. Julai, vidole vikiwa ganzi kwa baridi, ndiyo sijui kabisa. Mchoro mmoja wa Julai nimeubandika ukutani, ukingo wake una mistari mitatu. Wageni wanausifu. Mimi kila nikipita naona ule wa tatu.