Upasuaji wa kupunguza uzito: yanayosemwa Kigoma na ukweli wake

Mtu akitoka Kigoma kwenda Dar es Salaam kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, ndani ya chumba cha upasuaji hukaa saa chache tu. Miezi ya maandalizi na miaka ya baadaye ataishi hapa hapa, Mwanga, Ujiji, Kasulu au Kibondo, kati ya ndugu ambao mara nyingi hawajui alichofanyiwa wala anachotakiwa kula. Ndugu hao wana mapenzi, na wana maneno mengi. Baadhi ya maneno hayo huwatisha wanaouhitaji upasuaji huu. Mengine, na hayo ndiyo yanayonitia hofu zaidi, huwadhuru waliokwisha kuufanya.

"Ni njia ya mkato ya watu wavivu"

Neno hili linaumiza, na halina ukweli. Mtu mwenye unene uliopitiliza akijinyima chakula, mwili wake hujitetea: homoni za njaa hupanda, na nguvu inayotumika kwa siku hupungua. Ndiyo maana wengi hupungua kilo kadhaa kisha zikarudi zote, hata wale waliokuwa wakipanda kilima kila alfajiri kwa mazoezi.

Katika upasuaji unaofanywa zaidi siku hizi, daktari hupitisha vifaa kwenye matundu madogo ya tumbo na kuondoa kati ya asilimia 75 na 80 ya mfuko wa chakula. Kinachobaki ni mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Sehemu iliyoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi ghrelini, homoni inayoleta njaa, kwa hiyo si kwamba mgonjwa hushiba upesi tu, hata hamu ya kula hupungua. Njia nyingine ni kutengeneza kifuko kidogo sana juu ya mfuko wa chakula, cha mililita 30 hivi, na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba. Njia zote mbili hubadilisha mawasiliano kati ya tumbo na ubongo, jambo ambalo kujinyima peke yake hakuliwezi.

Na si kila mnene anastahili. Chukua uzito wako kwa kilo, ugawe kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe: jibu ndilo uwiano wako. Mwongozo uliotolewa Marekani mwaka 1991 ulitaka uwiano wa 40, au 35 kwa mwenye ugonjwa unaotokana na unene. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huu viliushusha: 35 hata bila ugonjwa, na kuanzia 30 kwa mwenye kisukari cha aina ya pili. Kwa mama mwenye urefu wa mita 1.60, uwiano wa 35 ni karibu kilo 90. Anayetaka kupunguza kitambi kabla ya harusi hahusiki hapa.

"Si lile puto wanaloweka Mloganzila?"

Hapana. Hospitali ya Mloganzila hutoa huduma zote mbili, ndiyo maana watu huzichanganya. Puto huingizwa kwa kupitia mdomoni, hujazwa likiwa ndani ya mfuko wa chakula, na hutolewa baada ya miezi, mara nyingi sita. Hakuna kinachokatwa. Upasuaji wa kuondoa sehemu ya mfuko wa chakula ni wa kudumu, haurudishwi. Kabla ya kuuza shamba au kuvunja kikoba, hakikisha unajua unalipia kipi.

"Kula uage, maana hutakula tena"

Hii nimeiona ikifanywa kwa upendo kabisa: wiki ya kuondoka familia inapika pilau, kuku wa mawese, ndizi za nazi, kila mtu anamsogezea mgonjwa sahani. Ni hatari. Ini la mtu mnene sana huwa limejaa mafuta na limevimba, nalo limelalia juu ya mfuko wa chakula. Daktari lazima alinyanyue ndipo afike anapopataka. Likiwa kubwa, upasuaji huwa mgumu, na wakati mwingine huahirishwa. Ndiyo sababu hospitali nyingi humtaka mgonjwa apunguze sana wanga na mafuta kwa wiki mbili hivi kabla ya siku yenyewe: ugali, wali, chapati, mihogo, soda na mawese vinakaa pembeni, samaki wa kuchemsha, mayai na mboga za majani vinabaki. Katika wiki hizo mbili ini husinyaa. Kijiko kimoja kikubwa cha mawese kina nguvu ya kalori 120 hivi, sasa hesabu vijiko vya sufuria moja ya sherehe.

Maandalizi mengine hayaonekani kwa macho. Sigara na ugoro viachwe wiki sita au zaidi kabla, kwa sababu tumbaku huchelewesha kidonda kupona na huongeza hatari ya damu kuganda. Damu ipimwe wingi wake, madini ya chuma na vitamini, maana anayeingia akiwa na upungufu atatoka nao mkubwa zaidi. Wengi huchunguzwa kwa kamera ya tumboni kutafuta vidonda na bakteria wanaovisababisha. Anayekoroma sana na kukatika pumzi usingizini aseme, kwa sababu hilo humhusu mtaalamu wa nusu kaputi. Na dawa zote zitajwe, zikiwemo za mitishamba ulizopewa na bibi. Usione haya. Daktari hakuulizi ili akugombeze.

"Ukishatoka hospitali, panda gari urudi nyumbani"

Wagonjwa wengi huruhusiwa baada ya siku chache, na hapo ndipo haraka ya kurudi huwashika. Lakini Kigoma hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,200. Tatizo la kwanza ni kukaa kitini muda mrefu: miezi ya mwanzo damu huganda kirahisi kwenye miguu, na bonge likipanda hadi kwenye mapafu linaweza kuua. Tatizo la pili ni kuvuja pale mfuko wa chakula uliposhonwa. Hutokea kwa wachache, lakini likitokea mara nyingi huwa ni ndani ya wiki za mwanzo, na linahitaji kurudishwa haraka kwa wapasuaji wanaolijua. Mtu aliye kwenye behewa katikati ya Tabora na Kaliua hawezi kurudishwa haraka popote.

Kwa hiyo panga mapema ndugu wa kukupokea Dar, ukae karibu na hospitali mpaka daktari akuruhusu kusafiri. Safarini, simama na utembee kila basi linapotua, kunywa maji kidogo kidogo, na kama umepewa sindano za kuzuia damu kuganda, usiziruke. Homa, moyo kwenda mbio ukiwa umetulia, maumivu ya tumbo yanayoongezeka, maumivu ya bega la kushoto, kuhema kwa shida au mguu mmoja kuvimba: hayo si ya kusubiri kesho.

Jambo jingine dogo lenye faida kubwa ni karatasi. Omba muhtasari wa upasuaji wako kwa maandishi, uoneshe ni upasuaji wa aina gani, tarehe, dawa zako na namba ya simu ya kitengo kilichokuhudumia. Utakapofika hospitali ya Maweni, hapa Kigoma, usiku unatapika, daktari wa zamu ajue ndani ya tumbo lako pamebaki nini. Nakala moja ikae kwa mtu unayeishi naye.

"Mgonjwa anahitaji ugali ili apate nguvu"

Shangazi atakuja na bakuli, na atakasirika ukimkatalia. Mweleze kabla hujasafiri, usisubiri siku hiyo. Mpangilio hutofautiana kidogo kati ya hospitali na hospitali, lakini kwa kawaida wiki mbili za kwanza ni vimiminika tu, kisha wiki mbili za chakula kilichosagwa, kisha chakula laini, na chakula kigumu huanza taratibu baada ya wiki sita hivi. Ugali, hasa wa muhogo, wali ulioshikana na mkate hunasa kwenye mrija mwembamba, na mtu huishia kutapika. Huko mbele unaweza kula tonge kadhaa, lakini baada ya kumaliza samaki, wala si kabla.

Kinachotakiwa kutangulia kila mlo ni protini, gramu 60 au zaidi kwa siku, na tumbo linapokea vijiko vichache tu kwa wakati mmoja. Hapa Kigoma ina bahati ambayo wengi hawaioni. Dagaa wakavu wa Ziwa Tanganyika, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na wakiliwa na mifupa yao wana kalsiamu nyingi. Wachambue, uwaoshe mchanga, uwakaushe tena na kuwasaga wawe unga laini. Unga huo huingia kwenye supu au uji mwepesi tangu hatua ya vyakula vya kusagwa. Migebuka ya kuchemsha iliyotolewa miba yote inafaa kwenye hatua ya vyakula laini. Maharage yaliyopondwa na kuchujwa, mayai ya kuvuruga na mtindi usio na sukari navyo ni vya kwetu na havihitaji kuagizwa kutoka mbali. Uji mtupu wa muhogo hujaza tumbo dogo bila kulijenga.

Maji usinywe pamoja na chakula. Subiri nusu saa baada ya kula, kisha unywe kwa mafundo madogo siku nzima mpaka ufikie lita moja na nusu. Soda iache. Kwa waliounganishwa utumbo, vitu vitamu huweza kuleta jasho, moyo kupiga mbio, kizunguzungu na kuhara muda mfupi baada ya kula. Na kwa ndugu zangu Waislamu wa Ujiji na kwingineko: kufunga Ramadhani katika miezi ya mwanzo ni vigumu kwa mwili usioweza kunywa maji mengi kwa mkupuo. Zungumza na daktari wako kwanza, na shekhe wako pia. Dini ina nafasi ya mgonjwa.

"Kutapika ni kawaida, tumbo linazoea"

Mara moja moja, ukila haraka au ukizidisha, ndiyo. Kutapika kila siku kwa wiki moja au mbili si kuzoea. Akiba ya vitamini B1 mwilini ni ya wiki chache tu, na ikiisha, macho huanza kuona viwili, miguu hupepesuka, akili huchanganyikiwa, na madhara ya ubongo yanaweza kubaki moja kwa moja. Mgonjwa wa namna hii watu huweza kusema amerogwa, akapelekwa kwa mganga huku saa zikipita. Mpelekeni hospitali, mseme amefanyiwa upasuaji wa tumbo na anatapika, muulizie vitamini B1 ya sindano kabla hajawekewa dripu ya glukosi.

"Maumivu? Nenda duka la dawa, uchukue diklofenaki"

Usichukue. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huchubua mfuko wa chakula, na kwa aliyeunganishwa utumbo zinaweza kuleta kidonda pale kwenye maungio, kinachotoa damu au kutoboka, hata miaka baada ya upasuaji. Parasetamoli ndiyo ya kuanzia. Mwambie muuza dawa kila unapoingia dukani, kwa sababu zamu hubadilika.

"Kisukari kimepona, tupa dawa"

Kwa wengi sukari hushuka ndani ya siku au wiki, kabla hata uzito haujapungua sana, na baadhi hawahitaji dawa tena kwa miaka. Lakini anayepunguza dozi ni daktari kwa kufuata vipimo. Anayeendelea na insulini ile ile ya zamani anaweza kuzimia kwa sukari kushuka. Anayeitupa kwa furaha, sukari yake inaweza kupanda vibaya. Kisukari pia kinaweza kurudi, kwa hiyo kipimo kiendelee. Presha vivyo hivyo.

"Hutazaa tena"

Kinyume chake. Uzito ukishuka, wanawake wengi ambao hedhi yao ilikuwa imevurugika huanza kushika mimba kirahisi, na hapo ndipo penye tahadhari. Inashauriwa kusubiri miezi 12 hadi 18, kwa sababu katika kipindi cha kupungua kwa kasi mwili hauna akiba ya kutosha kumlea mtoto tumboni. Vidonge vya uzazi wa mpango huenda visinyonywe vizuri kwa aliyeunganishwa utumbo, na vile vyenye estrojeni huongeza hatari ya damu kuganda wakati wa upasuaji. Kijiti, sindano au kitanzi, zungumza na muuguzi kabla hujasafiri.

"Amekonda hivyo, ana ngoma huyo"

Kwetu unene bado unasomwa kama kutunzwa, na kukonda kama kuugua. Mtu aliyepoteza robo ya uzito wake kwa mwaka, ngozi ikalegea, na nywele zikapukutika kati ya mwezi wa tatu na wa sita (huota tena, protini na madini ya chuma vikitosha), atasemwa sokoni na kanisani. Wapo wanaoanza kula ovyo ili tu wanyamazishe majirani. Hulazimiki kumweleza kila mtu siri ya mwili wako. Lakini watu wawili watatu wa nyumbani wajue yote, ili wakutetee usipokuwepo.

"Vitamini ni za miezi ya mwanzo tu"

Ni za maisha yote: mchanganyiko wa vitamini, B12, chuma, kalsiamu na vitamini D. Chuma na kalsiamu visimezwe pamoja. Vitenganishwe kwa saa mbili. Upungufu wa B12 huweza kujificha kwa miaka kisha ukaanza kama ganzi miguuni. Piga hesabu ya gharama hii kabla ya ile ya upasuaji, kwa sababu upasuaji hulipiwa mara moja, na vidonge kila mwezi. Ukishindwa kuvimudu Kigoma mjini, au havipatikani Buhigwe unakoishi, jua mapema nani atakutumia kutoka Dar.

"Uzito haurudi kamwe"

Hurudi kiasi kwa wengi, mara nyingi baada ya mwaka wa pili, na kwa wachache hurudi sana. Vinywaji vitamu, kudonoadonoa siku nzima na pombe ndivyo huurudisha. Pombe ina jambo lake la pekee: baada ya upasuaji hupanda kichwani upesi zaidi, na hatari ya kuwa mtumwa wake huongezeka, hata kwa mtu ambaye zamani alikunywa glasi moja tu. Ukiona mzani unapanda kilo tatu, nne, rudi kliniki wakati bado ni tatu, nne. Kupimwa kila mwaka, uzito, damu na vitamini, kunaweza kufanyika huku huku mkoani na majibu yakasomwa kwa simu na waliokupasua, ikiwa tu ile karatasi bado unayo.