Ndani ya nightmare hamna farasi

Wengi wanaamini nightmare, ile ndoto ya kutisha, maana yake ni "farasi jike wa usiku", na si ajabu kwa sababu mare leo ni farasi jike kweli. Ila mare wa humu ni mwingine kabisa, kwenye Kiingereza cha kale mære alikuwa pepo anayekukalia kifuani umelala, pumzi inabana, unataka kupiga kelele sauti haitoki, yaani jinamizi lenyewe! Nightmare ilianza kama jina la huyo pepo, ndoto mbaya ikaja baadaye. Ukitaka kuhakikisha fungua kamusi inayoeleza asili ya maneno, utakuta mare wawili tofauti, afu cheki Kifaransa, ndoto mbaya ni cauchemar, mar yumo humo humo, wakati farasi jike kwao ni jument.