Rangi za Jiko Lisilochuja

Mteja akinionyesha picha za majiko alizokusanya kwenye simu, huwa namuuliza jambo moja kabla hatujagusa rangi: humu ndani, ni vitu gani utaweza kuvibadilisha kwa brashi au bisibisi, na vipi vitataka nyundo? Sakafu, kaunta, vigae vya ukutani na sinki ni vya nyundo. Hivyo nataka vitulie: vyeupe, vya kijivu, vyeusi, au vibaki na rangi ya jiwe na mbao yenyewe. Ile rangi inayokusisimua ipeleke ukutani, au kwenye kabati za mbao zinazokubali kupakwa upya.

Miaka ya 1970 Wamarekani walipenda sana kijani cha parachichi na manjano ya haradali jikoni. Si friji tu, hata masinki yalitoka kwa rangi hizo. Mtindo ulipochuja, aliyepaka ukuta alinunua kopo jingine. Aliyeweka sinki alibaki nalo. Upande wa pili, vigae vyeupe vya mstatili vilibandikwa kwenye stesheni za treni ya chini ya ardhi ya New York iliyofunguliwa mwaka 1904, na vya namna ile ile bado vinauzwa leo.

Tusidanganyane, hata hivyo, kwamba jiko la kudumu lazima liwe jeupe tupu. Jiko la Frankfurt, Ujerumani, alilolibuni msanifu majengo Margarete Schütte-Lihotzky mwaka 1926 na likawekwa katika nyumba zipatazo 10,000, lilijulikana kwa kabati za bluu inayoelekea kijani. Wakati ule iliaminika kwamba nzi hawapendi kutua juu ya rangi hiyo. Bluu iliyokoza na kijani kilichofifia hudumu, mradi zisiwe kali. Mimi huziweka kwenye kabati za chini, za juu zikabaki nyeupe, chumba kisije kikaonekana kimeelemewa.

Kinachotoa jasho ni hiyo nyeupe. Chukua kipande cha sampuli ya rangi, kilaze juu ya karatasi safi ya kuchapishia. Papo hapo kile ulichodhani ni cheupe kitajionyesha: kimoja kina umanjano, kingine uwaridi, kingine ubluu au ukijani. Rangi hiyo iliyojificha ndiyo huleta ugomvi. Kabati nyeupe yenye umanjano ikikaa jirani na kigae cheupe kabisa, kabati itaonekana chafu hata kama imefutwa sasa hivi, na hakuna sabuni ya kuitoa hali hiyo. Amua mapema kama nyeupe zako zitakuwa za joto (zenye umanjano au uwaridi) au za baridi (zenye ubluu), kisha usizichanganye.

Kupima, usipake doa dogo ukutani. Rangi ya zamani iliyolizunguka itakudanganya macho. Paka ubao wa kama sentimita 60 kwa 60, mara mbili, uache ukauke kabisa. Usimamishe wima mahali kabati itakapokaa, ukiwa na kipande cha kaunta na kigae kando yake. Uangalie asubuhi, adhuhuri, na usiku taa zikiwa zimewashwa. Dirisha lisiloingiza jua moja kwa moja huleta mwanga wenye ubluu. Jua la jioni hugeuza kila kitu kuwa na uchungwa. Kwa taa, mimi husimama kati ya kelvini 2700 na 3000 (kipimo cha rangi ya mwanga; hapo mwanga ni wa joto), na natafuta balbu iliyoandikwa CRI 90 au zaidi, yaani kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi halisi ya vitu. CRI ikiwa chini ya hapo, hata mbao nzuri huonekana imekufa.

Kuhusu aina ya rangi, nyeupe ya mafuta hugeuka njano kadiri miaka inavyokwenda, na haraka zaidi gizani, kama ndani ya kabati. Siku hizi zipo rangi za maji zilizotengenezwa kwa ajili ya mbao ambazo hazina tabia hiyo. Fundi asiruke msasa wala praima, ile rangi ya kwanza ya kushikilia nyingine. Nyeusi isiyong'aa nayo naiogopa: kila kidole chenye mafuta huacha alama.

Marumaru ni nzuri mno, lakini ni kalsiamu kabonati. Tone la limau au siki huila, likaacha doa lisilo na rangi ambalo utaliona ukitazama kwa upande, mwanga ukiteleza juu yake. Kama huwezi kulivumilia hilo, chukua granaiti. Kwotzi ya kiwandani, yaani jiwe la kutengenezwa, hailiwi na asidi kirahisi, ila ina gundi ya plastiki ndani yake, kwa hiyo sufuria kutoka motoni isiwekwe juu yake bila kitu chini. Grauti ya sakafuni, ile inayojaza nafasi kati ya vigae, iwe ya kijivu, nyeupe itakutesa. Vitasa na bomba visizidi aina mbili za metali.

Mpangilio wa kununua nao una maana. Anza na jiwe la kaunta, kwa sababu rangi zake ni chache na huwezi kuagiza ibadilishwe, kisha vigae, rangi ya kopo iwe ya mwisho, maana dukani wanaweza kuichanganya hadi ilingane. Ukishaipata, nakili namba ya mchanganyiko kwa kalamu isiyofutika ndani ya mlango wa kabati ya chini ya sinki. Lebo ya kopo huchakaa, na mlango ule ndio wa kwanza kuhitaji kupakwa tena.